Pua Mpya ya Gopal

Sasni, 14 Julai 1991

Mwanangu Vimlesh,

Radhe Radhe. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo mistari ikipanda kilima usishangae. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Mimi sijambo. Mguu unauma mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua inakaribia kila siku. Jirani yangu Omvati hajambo, paka wake hajambo, ana mimba tena. Mumeo Girraj hajambo? Bado anakunywa maji bila kuangalia chombo ni cha nani? Mama mkwe wako Sarbati mwambie nimegusa miguu yake. Mimi ndiye mkubwa kwa umri, lakini yeye ni upande wa bwana harusi, nitafanyaje, nimeigusa.

Sasa jambo lenyewe. Paa la chumba cha ibada linavuja. Kidogo tu, tone moja, ila tone lenyewe limechagua kumdondokea Gopal wetu utosini; kwa watu ni mungu wa shaba, kwangu ni mtoto. Nilimsogeza kushoto, likamfuata. Nikamweka juu ya pipa la unga, likamkuta huko huko. Mtoto hawezi kulala hivyo. Basi nimemfunga kwenye kikapu pamoja na kitanda chake, na Banwari, mpwa wa Omvati anayefanya kazi relini, atamleta hadi mlangoni kwako Jhansi. Akae mpaka paa liishe. Nasema mpaka Diwali.

Najua umekua naye, lakini ulikuwa mtoto na watoto hawasikii, kwa hiyo nakurudia. Mwamshe kwa kupiga makofi polepole, usimwite jina, anashtuka. Maji ya kuoga yawe ya vuguvugu. Yeye ndiye anakula kwanza, siagi na sukari ya mawe, na chochote mlichopika, ndipo nyinyi mle alichobakiza. Akianza kuwa mweusi, loweka ukwaju, msugue mgongo, magoti na kile kiganja kilichoshika bonge la siagi, kisha maji, kisha kitambaa cha pamba. Usiache unyevu kwapani wala nyuma ya goti, huko ndiko ukijani unakoanzia kula shaba.

Uso usiuguse kwa ukwaju. Uso ni kidole na msandali, basi. Ile pua ilianza kuisha kwa nyanya wa marehemu baba yako, ikaendelea kwa mama yake, mimi nikaikuta imebaki kama kipele nikaimalizia. Sarbati akiuliza, mwambie hajavunjika. Aliyevunjika haabudiwi tena, anapelekwa mtoni, huyu amepapaswa. Ni vitu viwili.

Na usimwache peke yake nyumbani hata mara moja.

Mimi usiniwazie. Nitapumzika. Nitalala mpaka jua linichoke, nani ataniuliza?

Mama yako,
Ramshri


Jhansi, 2 Agosti 1991

Mama,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Sote wazima. Girraj anatengeneza pampu za maji za mji mzima wakati bomba letu linatoa upepo. Mimi nina kazi nyingi za kushona, majirani wote wana harusi.

Gopal alifika salama. Banwari anasema alimpakata dirishani njia nzima, mkagua tiketi akaja na uso wa kukamata mtu, alipofunuliwa kikapu akainama, akawahamishia kwenye viti vizuri.

Kasheshe ilikuwa mlangoni. Mama mkwe alimtazama akamgeuza juu chini kama biringanya sokoni. Akasema, "Miaka sita nasubiri mjukuu. Leo mama yako kaniletea wa shaba, na huyo naye hana pua."

Nikamweleza habari ya kupapaswa. Akauliza anakula nini. Nikasema siagi. Akasema haki iko wapi, yeye daktari kamkataza siagi na mtu asiye na tumbo anapewa kila siku.

Mwanzoni hakumtazama kabisa. Halafu asubuhi moja nilichelewa na mashine ya kushonea, nikaenda kumwamsha nikamkuta ameshaogeshwa, amevaa, macho yamepakwa wanja. Mama mkwe akasema alifanya hivyo kwa sababu ya inzi. Tangu hapo sigusi tena. Yeye anaogesha, yeye analisha, jioni anamzungusha mtaani kifuani pake na kuwaambia watu analala vibaya kwa sababu ya meno. Amemfumia sweta. Mama, ni mwezi wa nane, hata mijusi wanahema.

Paa limefikia wapi? Na barua yako haikusema unakula nini. Siku zote unaniandikia ulichopika mpaka pilipili ulizotia.

Binti yako,
Vimlesh


Sasni, 20 Agosti 1991

Mwanangu Vimlesh,

Radhe Radhe. Barua yako ilichelewa, mtu wa posta alianguka na baiskeli mtaroni. Hajambo, barua ndiyo ililowa, lakini nimeisoma kwa jua.

Nimekula, nashukuru. Fundi wa paa alikuja. Aliangalia juu, akasema ndiyo, hilo ni paa, akaondoka. Atarudi. Omvati hajambo. Paka wake amezaa, na kati ya mahali pote mtaa huu mzima kachagua ndani ya jiko langu, kwenye majivu. Sitaki kumsumbua, mzazi ni mzazi.

Nimefurahi Sarbati kampenda. Nimefurahi sana. Lakini mvueni sweta. Na wanja usiwe mwingi, na watu wasiambiwe habari za meno, watamwekea kijicho. Je, asubuhi analia? Hapa alikuwa hapendi kukawizwa. Mimi naamka saa ile ile, nakaa kitandani, napiga makofi, kisha nakumbuka.

Mwambie Sarbati uso asiuguse. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Mama yako


Jhansi, 10 Septemba 1991

Mama,

Naigusa miguu yako, na safari hii naishikilia kabisa usiniruke. Soma barua ukiwa umekaa.

Siku ya kuzaliwa kwa Gopal ilikwenda vizuri. Mama mkwe alimning'inizia bembea, akagawa peremende za maziwa nyumba hadi nyumba kama aliyepata mjukuu wa kwanza, watu wakaleta njuga na kofia. Ndipo mke wa mwalimu, mwanamke yule hajui kuuma ulimi, akasema mtoto mzuri jamani, ila pua ameiacha wapi. Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Aliacha chakula chake kikapoa, kesho yake akamfunga kwenye shali akaenda naye kwa fundi wa shaba, nyuma ya soko la vitunguu.

Nilimwambia, Mama. Nilimwambia ulivyosema, kwa adabu na bila adabu. Akanijibu, "Mtoto wa nyumba hii hatachekwa na mke wa mwalimu."

Fundi mwenyewe ni mtu wa dini, akakataa kumgusa. Alisema humo ndani yumo mungu mwenyewe, atampigaje nyundo ya uso? Kwanza ahamishwe. Basi akaitwa kuhani wa hekalu la mtaani. Akasoma masomo yake, akamtoa Gopal kwenye shaba akamtia kwenye mtungi wa maji, akaziba mdomo kwa majani ya mwembe na nazi juu. Akasema sasa shaba ni shaba tu, pigeni mtakavyo, mkimaliza nitamrudisha. Akaenda zake Orchha kwenye harusi. Mama mkwe akabeba sanamu kwa fundi, mtungi ukabaki uani, nami nikaachiwa niulinde.

Nilitoka kidogo tu kumpa mteja gauni lake.

Girraj alirudi kutoka kazini na jua kichwani. Aliona mtungi, akaondoa nazi, akaondoa majani, akanywa. Akanywa wote, Mama. Mengine akanawa uso.

Mama mkwe aliingia na sanamu yenye pua mpya mkononi, akauona mtungi umelala. Akauliza ni nani. Girraj akajifuta masharubu akasema maji yalikuwa matamu leo, mmechota wapi? Mama mkwe alikaa chini. Nilidhani amezimia. Halafu akanyanyuka, akaenda akainama, akagusa miguu ya mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Kuhani hakurudi upesi, harusi za Orchha zinajulikana. Kwa hiyo Girraj hakwenda kazini, kwa sababu Gopal hawezi kuachwa peke yake, wala sisi hatukula kabla yake. Asubuhi anaamshwa kwa makofi. Siagi, sukari ya mawe, upepeo wa manyoya ya tausi. Mwanzoni alipenda, hata alidai bembea iletwe karibu. Bembea ilikatika. Kisha mama mkwe akasema ameanza kuwa mweusi shingoni, akaloweka ukwaju, na Girraj akapanda juu ya paa akavuta ngazi. Alishinda huko. Mama mkwe akakaa chini ya ukuta akimwimbia ashuke.

Kuhani aliporudi alituangalia mmoja mmoja, akasema hajawahi kusoma habari ya jambo hili popote. Mwishowe akamwambia Girraj aishike sanamu karibu na uso, apumue taratibu wakati yeye akisoma. Girraj alipumua, moshi wa ubani ukamwingia, akapiga chafya kubwa usoni pa Gopal. Kuhani akafunga kitabu. Akasema inatosha.

Kwa hiyo yumo, Mama. Na pua ni nzuri, imechongoka. Nasema usikasirike.

Umekula nini?

Vimlesh


Sasni, 25 Septemba 1991

Vimlesh,

Radhe Radhe. Sijambo. Nimekula.

Nani aliwaambia mtoto wangu hana pua? Pua anayo. Nyanya wa baba yako anayo kidogo kwenye kidole, mama yake anayo, na iliyobaki ninayo mimi. Kila asubuhi tangu nilipoletwa nyumba hii nikiwa bi harusi, sijui hata kusuka nywele zangu, nilikuwa naupangusa uso ule na kumwambia habari zangu kabla ya mtu mwingine. Wakati baba yako alipoumwa. Wakati wewe ulipokataa kuzaliwa siku tatu. Yote nimeyasugulia pale. Sarbati amekwenda kwa mtu wa sokoni akabandika kitu juu yake.

Paa limekwisha. Nirudishieni.

Na kwa kuwa sina hakika ile chafya ilimtoa Gopal mzima mzima, aje na Girraj pia. Siwezi kukaa na nusu.

Mama yako


Jhansi, 12 Oktoba 1991

Mama,

Naigusa miguu yako.

Umeandika nimekula. Kila barua umekula. Hujasema umekula nini, wewe uliyewahi kunijazia ukurasa mzima kwa bamia. Na paka wa Omvati kazaa ndani ya jiko lako tangu mwezi wa nane na wewe hutaki kumsumbua. Nimeisoma ile barua tena na tena mpaka nikaelewa nilichokuwa nasoma. Jiko lenye paka ni jiko ambalo halijawashwa.

Banwari alipita hapa, nikamuuliza. Akaangalia viatu vyake. Nikamuuliza tena, akasema unakula dengu za kukaanga, zile kavu, Omvati anapokulazimisha, tena umesimama mlangoni. Na paa halijaguswa.

Njoo ukae kwetu. Najua utasema ni mwiko, maji ya nyumba ya binti hayapiti kooni mwa mama yake. Mara ya mwisho ulipokuja ulibeba gudulia lako na mikate yako kwenye leso, ukaondoka kabla ya jua kuzama. Nalijua hilo, sihitaji kuambiwa. Lakini mimi nakuomba.

Kuhusu Gopal, nilimwambia mama mkwe unamtaka. Akamchukua akajifungia naye chumbani. Kupitia mlangoni akaniuliza, "Mama yako ana paa?" Nikarudi kwenye mashine yangu. Sikumwambia habari za jiko.

Vimlesh


Sasni, 22 Oktoba 1991

Mwanangu,

Radhe Radhe. Banwari ana mdomo mpana, ndiyo maana hakuna anayekubali kuolewa naye.

Nitakwambia halafu tusiseme tena. Nipike kwa ajili ya nani? Sikuwahi hata siku moja kupika kwa ajili ya Ramshri. Nilipika kwa ajili ya baba mkwe, kwa ajili ya baba yako, kwa ajili yako wewe, mkaondoka mmoja mmoja kila mtu kwa njia yake, akabaki Gopal. Nilimpikia yeye, akala, nikala alichobakiza, nikashiba. Siku ile Banwari alipoondoka na kikapu niliwasha moto, nikakanda unga, kisha nikasimama. Mkono ulikuwa haujui ukande kiasi gani. Nikampa ng'ombe wa barabarani lile donge, nikauzima moto. Si kwamba nimegoma. Sina njaa ya kujipikia, basi.

Kuja kwenu siwezi, usiniombe jambo ambalo nikilikataa nitalia.

Usimwambie Sarbati.

Mama yako


Jhansi, 30 Oktoba 1991

Mama,

Nimemwambia. Nimemsomea barua yako neno kwa neno, hata la Banwari.

Alikaa na Gopal mapajani, akamwogesha, akamlisha. Kisha akasema, "Mwanamke huyu hana akili. Ana mtoto halafu analala njaa." Akaenda kutoa sanduku lake juu ya kabati.

Wanakuja. Yeye, Gopal, na Girraj kama ulivyoagiza, kwa treni ya Jumapili, ili wafike kabla ya Diwali. Anasema atakaa siku mbili tu mtoto azoee. Anakuja na godoro lake, na mchele wake, kwa sababu wa kwenu anasema ni mnene.

Nimekwisha kusema kwamba kwetu huwezi kula. Lakini kwako wao wanaweza kula, tena ni wakwe, tena ni sikukuu, na mtaa mzima utakuwa umesimama madirishani kuona umewapa nini. Huwezi kumwekea Sarbati dengu za Omvati.

Mhamishe paka.

Vimlesh


Sasni, 12 Januari 1992

Mwanangu Vimlesh,

Radhe Radhe. Usinilaumu kwa kukawia, sina nafasi hata ya kujikuna. Mguu unauma lakini sina muda wa kuusikiliza.

Walifika, uliona mwenyewe hawakurudi wote. Nilipika mikate ya kukaanga, viazi vya mchuzi, boga tamu na lingine la pilipili, wali wa maziwa, na bamia, Vimlesh, bamia kavu zilizokatwa ndogo, nikatia pilipili tano na ya sita ikaanguka yenyewe. Paka alihama kwa hiari alipoona uso wangu. Yupo chumba cha ibada, na Gopal hana neno.

Girraj nilimhudumia vizuri. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kama mungu hata asipokuwa amemnywa mmoja. Nilimweka kwenye mkeka, nikaweka Gopal kando yake, nikawapa wote wawili sahani sawa, nikawaangalia nani anakula kama mtoto wangu. Girraj alibakiza mkate nusu kwa adabu. Nikaula huo, nikala na cha Gopal, kwa usalama. Kesho yake alipanda kuangalia paa, sijui kwa nini anapenda mapaa hivyo, akaliziba lote kwa bati na lami ya pampu. Halivuji. Alipopiga chafya juu kule, mimi na Sarbati huku chini tulisimama.

Girraj alirudi kwako. Sarbati bado yuko. Siku mbili zake sizijui zinahesabiwaje. Anamwita Gopal kwa jina asubuhi ingawa nimemwambia anashtuka. Anasema wangu ulikuwa uzembe, kumpigia mtoto makofi kama kuku. Nguo anamvalisha kabla mgongo haujakauka vizuri, nami namvua, namkausha nyuma ya goti, namvalisha tena, naye anatazama dirishani kama hanioni. Sweta sasa naliruhusu, ni baridi. Amefuma na la paka. Tunagombana kuhusu chumvi. Jana kanifukuza jikoni kwangu mwenyewe, nikakaa mlangoni nikimwelekeza, akanipa kiazi nionje, nikasema kibichi, nikakila.

Sasa ile pua. Siku ya kwanza nilipofungua shali nilifumba macho. Ni pua ya mtu wa picha za sinema, haimjui mtu. Nilitaka ikatwe siku hiyo hiyo. Lakini fundi wa hapa naye ana dini, anasema mpaka ahamishwe kwenye mtungi kwanza, na mimi sikubali, watu wenye kiu wako kila mahali. Sarbati akaangalia ukuta. Kisha akasema polepole kwamba alichotaka yeye ni mtoto asichekwe. Nikamwambia najua. Mwanangu, mimi nilijua tangu lile sweta.

Basi tumekubaliana. Tutaisugua iishe. Asubuhi naipangusa mimi kwa kidole na msandali, jioni anaipangusa yeye. Namsikia akimwambia habari zake, mimi nageuza uso, sisikilizi, ila najua kwamba miguu yake inawaka moto usiku na kwamba anakuombea wewe kwa jina. Jana nilimsogeza Gopal penye taa, naona kama ncha imepungua. Sarbati anasema ni macho yangu ndiyo yamepungua.

Nilimuuliza anarudi lini Jhansi. Amesema pua ikiisha. Nikamkumbusha ile ya kwanza ilichukua wanawake watatu na maisha yao yote. Akasema basi nichome mkate mwingine, safari bado ndefu.

Naacha hapa, ameshaanza kugonga vyungu, anataka kujua leo tunampikia nini. Na wewe huko, sasa nyumba ni yenu wawili, msile mmesimama. Ukijibu usiniandikie umekula. Andika umekula nini.

Mama yako,
Ramshri